Mwaka wa Kutopiga Hodi

Simu iliyonipa habari ya kifo cha Fundi Deo ilinikuta nakaanga dagaa, na mpaka leo sijui ni nani aliyewaepua. Nakaa Ibadakuli, jirani kabisa na uwanja wa ndege. Ndege ikitua, vikombe vyangu huamkiana kabatini, na nina kuku mmoja ambaye akisikia muungurumo ule hagomi kutaga tu, hususa hadi mtama. Lakini asubuhi ile hata ndege naona zilitua kwa kunyata. Aliyepiga ni Neema, binti wa Deo. Aliniamkia vizuri, nikaitikia marahaba, kisha akasema, "Mama Kulwa, baba ameweka mkasi chini." Kwa mtoto wa fundi cherehani sijui kama kuna namna nyingine ya kulisema. Nikajifunga kanga mbili, nikafungua sanduku, nikatoa sketi ya bluu na blauzi nyeupe ambazo hazijanienea tangu nilipowazaa mapacha, nikazikunja kwenye mfuko, nikaenda Masumbwe kuzika.

Wanaoandika maisha yao huanza na babu aliyeua simba. Mimi ya kwetu nayaruka. Kwetu tulikuwa watu na ng'ombe, ng'ombe wakiwa wengi zaidi na wenye adabu zaidi, yatosha. Nataka kuusema mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa msichana anayeitwa Holo, mpangaji katika nyumba ya Mama Zaituni pale Masumbwe, muuza uji na chapati asubuhi, mwanafunzi wa kidato cha pili jioni. Wanaonijua wanajua kwamba nikisimulia huwa natia chumvi, na wengine husema natia gunia zima. Sawa. Mahali pa chumvi nitaweka. Lakini kuna sehemu nitakazowahudumia bila chumvi, na mtazitambua wenyewe mkizionja.

Nyumba ya Mama Zaituni ilikuwa na vyumba vilivyopangwa kwa safu mbili vikitazamana, katikati ua, na mwisho wa ua jiko la wote. Chumba changu kilikuwa chembamba kiasi kwamba ukitaka kugeuka kitandani ilibidi utoke nje, ugeukie huko, urudi. Ukuta ulisikia mtu akiwaza. Mama Zaituni mwenyewe baba yake alikuwa mtu wa Tabora na mama yake mtu wa pwani, na Kiswahili chake kilitembea kimevaa buibui: hakusema "toka hapo," alisema "nipishe, mwana wa watu, Mungu akupishe na mabaya." Kodi alidai kwa upole huohuo, na kila Ijumaa mchana alipika pilau, akatandika mkeka uani, akaita wapangaji wote, wanaoswali na wasioswali, wachimbaji wenye vumbi la mwamba hadi kwenye kope. Sharti lake lilikuwa moja: watu wananawa kwenye beseni moja na wanakula sinia moja. "Nyumba yangu si gulio," alisema. "Mkishindwa kunawa pamoja, mtashindwaje kuzikana?"

Fundi Deo alikaa chumba kilichotazamana na changu. Alikuwa mtu mrefu, tena mrefu hasa, akisimama mlangoni chumba kiliingia giza kama mawingu ya masika. Sikio lake la kushoto halikusikia na vidole viwili vya mkono wa upande huohuo vilikuwa vimepinda, lakini mshono wake ulinyooka kama reli. Mara ya kwanza nilipompelekea sketi iliyochanika nilifanya kama mama yangu alivyonifunza. Nikasimama mlangoni nikasema, "Hodi!" Cherehani ikakatika sauti. Nikarudia, "Hodi, fundi!" Ndani kitu kikaanguka. Nikasukuma mlango. Fundi Deo alikuwa amesimama pembeni, uso ukutani, mikono kichwani, na pasi ya mkaa imelala sakafuni ikimwaga makaa. Nikaokota makaa kwa kigae, kwa kukosa la kufanya. Alipogeuka alitabasamu kama mtu aliyekutwa anaoga. "Dada yangu," aliniambia, "ukija hapa usipige hodi. Kohoa, imba, gonga sufuria, au simama pale kwenye jua nikuone. Ila hodi, hapana."

Sisi Wasukuma kuingia kwa mtu bila hodi ni jambo la mbwa na kuku. Nilidhani ana mambo ya waganga. Lakini kwa vile mimi nyimbo sina haba, nikawa nikienda kwake naimba, na wapangaji wengine wakaona njia, kila mmoja na mlio wake, hata chumba cha Deo kikawa na wageni wanaojitangaza kama jogoo. Mama Zaituni alikuwa akisimama uani akisema, "Fundi, nipo hapa, sura yangu ndiyo hii, nzuri kama jana." Deo akicheka, cherehani nayo ikicheka.

Na yeye alisoma jioni pamoja nami. Tulikuwa watu wazima tuliokaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la kwanza, magoti yamefika masikioni, karabai inanguruma, na mwalimu wetu akipiga miayo mikubwa kiasi cha kumeza popo. Mimi nilikwenda kwa sababu nilitaka kuwa mtu fulani. Deo alikwenda kwa sababu hakupenda kuwa chumbani peke yake jua linapozama. Aliniambia hivyo tukiwa njiani, vitabu vimefungwa kwenye kanga yangu, na hapo ndipo aliponieleza habari ya hodi.

Chumvi naiweka pembeni. Miaka kadhaa kabla, Deo alivuka mpaka na cherehani yake kwenda kutafuta maisha nchi jirani. Sitaitaja, mipaka yetu ni mingi, na kila mpaka umewahi kuona vita vyake. Vita vilimkuta huko. Askari waliingia kibandani kwake, wakaona kitambaa cha kijani, wakasema anawashonea waasi sare. Wakamfunga katika kambi ya jeshi, chumba kisicho na dirisha, yeye na watu wengine. Kulikuwa na askari mlinzi mmoja aliyekuja kila asubuhi. Hakufungua mlango kwanza. Aligonga kwa kitako cha bunduki, akaita kwa sauti ya mgeni mwema, ikipanda na kushuka kama wimbo: "Hodi, wenye nyumba!" Mmoja wao alipaswa kuitika "karibu." Aliyeitika ndiye aliyetolewa kwenda kupigwa. Wasipoitika, walitolewa wote. Basi wakapeana zamu za kusema karibu. Kulikuwa na mzee mmoja, Anatoli, ambaye zamu yake ikifika Deo alimfunika mdomo na kuitika yeye. "Sura ya yule askari siijui," Deo aliniambia. "Tulitolewa tumefungwa vitambaa machoni. Sauti yake ndiyo nimelala nayo."

Nikamuuliza mbona hakusema kwa watu. Alisema alipofunguliwa na kurudi alikwenda moja kwa moja ukweni, kijiji cha upande wa Bugarama, ambako mkewe alikuwa amerudi na mtoto Neema. Huko habari zilikuwa zimeshatangulia: Deo kaoa ng'ambo, Deo ana watoto ng'ambo. Akaeleza ya gerezani. Mashemeji wakacheka. Baba mkwe, Mzee Shija, hakucheka, alisema tu, "Bhabha, maneno nimeyasikia. Niletee mtu mmoja aliyekuona huko, binti yangu atakwenda na wewe siku hiyohiyo." Mtu mmoja. Na waliomwona huko, wengine walikuwa chini ya ardhi na wengine walikuwa wamebeba bunduki. "Nikilisema tena," Deo akaniambia, "nitakuwa mwongo mara ya pili. Bora niwe mume aliyekosea, kuliko mtu aliyepigwa asiyeaminiwa." Mke wake alimpenda, hilo nalijua, kwa sababu kila gari la Bugarama liliposimama Masumbwe palikuwa na fungu la michembe limefungwa kwenye jani, bila jina. Deo alikuwa akivitafuna vile viazi vikavu taratibu sana, kama mtu anayesoma.

Halafu akaja Silvesta. Alipanga chumba cha pembeni na jiko. Alikuwa fundi wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, alisema ni mtu wa mpakani, na hakuna aliyemuuliza mpaka upi, maana nusu ya Masumbwe ilikuwa imetoka mahali ambapo haikutaka kupaeleza. Tulimpenda mara moja, mniamini. Alibeba maji ya Mama Zaituni, alitengeneza redio ya wapangaji wote, alinunua uji wangu na kusifia hata ulipoungua. Ilikuwa asubuhi ya pili au ya tatu, mimi nikigeuza chapati, nilipomwona amebeba suruali iliyopasuka, anaelekea kwa Deo. Nilitaka kumwambia akohoe. Sikuwahi. Aligonga mlango na kuita, sauti ikipanda na kushuka kama wimbo, "Hodi, wenye nyumba!"

Kilichosikika ndani sijakisahau: Fundi Deo akajibu, "Karibu." Alijibu upesi, kama mwanafunzi. Kisha mlango ukafunguka, naye akatoka nje mikono kichwani, akasimama mbele ya Silvesta katika jua la asubuhi, macho ameyafumba. Suruali ikaanguka chini. Silvesta akarudi nyuma, akajikwaa kwenye ndoo yangu ya unga, na kwa kishindo kile Deo akafumbua macho, akamtazama usoni. Silvesta akaondoka bila kuiokota nguo yake. Deo akabaki na mimi tu, na chapati inayoungua. "Umemwona?" akaniuliza. "Sasa nimeijua na sura."

Ijumaa ikafika. Beseni likazunguka. Lilipomfikia Deo, Silvesta akiwa ameshanawa, Deo aliyatazama yale maji, akainuka, akaenda chumbani. Mama Zaituni akadhani anaumwa. Ijumaa iliyofuata hivyo hivyo, na safari hii alisema waziwazi: "Mimi na huyu hatunawi beseni moja." Mwenye kuelewa mji wa wachimbaji ataelewa ukubwa wa neno lile. Watu wa dini zote na makabila mia mbili (haya, chumvi imerudi kidogo) hawaishi ua mmoja kwa sheria ya serikali. Wanaishi kwa kunawa pamoja na kusalimiana. Kumkataa mtu beseni ni kumwita mchawi. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Lugumi, mtu mzito wa kutembea na mwepesi wa kukata shauri, akaitisha kikao palepale uani, asubuhi, mabenchi yametolewa.

"Fundi, huyu kijana kakukosea nini?" Balozi akauliza.

"Anajua mwenyewe," akasema Deo.

"Silvesta, wajua?"

Silvesta akatazama miguu yake. "Sijui, mzee."

Nikasimama mimi. Nikasema yote: kambi, chumba, hodi, zamu za karibu. Nilisema bila kuongeza hata punje, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema hivyo hadharani. Nilipomaliza mtu akakohoa. Mchimbaji mmoja akasema, "Huyu si ndiye juzi alisema ameona chatu mrefu kuliko bomba la maji?" Wakaangua kicheko. Hata Balozi alifuta macho. "Ng'wanawane, mwanangu," aliniambia, "kaa chini. Hilo gereza uliliona?" Sikuliona. "Fundi, ulimwona sura huyu huko?" Deo akasema hapana, aliijua sauti. "Sauti," Balozi akarudia, na akageukia watu. "Mtu anakataliwa chakula kwa ajili ya sauti."

Shauri lilikuwa la mila, na kila aliyekua Usukumani analijua: mwenye kukataa watu, watu nao humkataa. Deo akatengwa. Hakuna kumsalimia wala kuitikia salamu yake, hakuna kumpa moto wala maji, hakuna kumpelekea nguo, mpaka aombe radhi mbele ya ua na kuchinja mbuzi. Atakayevunja naye atatengwa. Mama Zaituni alilia wakati neno linatolewa, lakini hakulipinga, maana beseni lililokataliwa ni lake. Deo alisikiliza, akainama kwa heshima, akarudi chumbani akafunga mlango. Na sisi tulitawanyika tukiwa na amani ya watu waliotenda haki.

Hapo ndipo nisipopenda kupakumbuka, na ndipo ninapopakumbuka zaidi. Ua wetu ule wa nyimbo na vikohozi ukawa kimya upande mmoja. Bila moto pasi yake ilikuwa chuma tu, bila nguo cherehani yake ilikuwa meza. Lakini kila asubuhi tulisikia anakanyaga ile pedali, taka-taka-taka, sindano inashona hewa. Mimi niliimba nikipita mlangoni, kwa kuwa kuimba hakukutajwa katika shauri. Nilikuwa na wimbo wa mlenda, wimbo wa uji, nilitunga hata wimbo wa hesabu za aljebra ili asipitwe na masomo. Ndani hakujibu, ila pedali ilibadilisha mwendo ikafuata wimbo. Siku ya gari la Bugarama michembe ilipofika, niliirusha kupitia juu ya mlango, ikatua, nikasema kwa sauti kubwa kwamba kunguru wa siku hizi wanaangusha vitu ovyo.

Aliyekonda si Deo. Aliyekonda ni Silvesta. Alianza kuacha uji nusu, kisha akaacha wote. Alikuwa akikaa kwenye kigoda chake karibu na jiko akiutazama ule mlango uliofungwa, na pedali ikianza, bega lake lilikuwa likishtuka. Mama Zaituni alimwambia, "Kijana wangu, kula, haki yako umeipata." Akajibu, "Ndiyo, mama," akiwa hatazami chakula.

Ijumaa moja, pilau imepakuliwa, beseni linazunguka, lilipomfikia Silvesta hakunawa. Aliinuka, akaenda jikoni, akachota makaa mekundu kwenye kigae, akakatiza ua mbele yetu sote kuelekea kwa Deo.

"We Silvesta!" Balozi akaita. "Unajua unachofanya?"

"Huo ni moto, umerogwa?" akasema Mama Zaituni.

Silvesta akaendelea kutembea. Alipofika mlangoni hakugonga. Aliweka kigae chini, akaketi vumbini, mgongo kwetu, uso mlangoni. "Fundi," alisema. "Ni mimi. Nimekuletea moto. Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi. Haya wanayokufanyia nayajua. Niliyafanya mimi kule kambini."

Pedali ikasimama. Wali ulipoa kwenye sinia na hakuna aliyeugusa. Silvesta akaeleza, na alieleza kama mtu anayetapika, hakuchagua: kambi, chumba, vitambaa vya macho, sikio la Deo lilivyopigwa, vidole. Alisema alikuwa mdogo, alisema mkubwa wake alitaka kila siku apelekewe mtu mmoja, na asipopelekewa angemchukua yeye. "Nilikuwa naamriwa," akasema. "Kila kitu nilikuwa naamriwa."

Kutoka ndani sauti ya Deo ikaja, tulivu, ileile aliyokuwa akiniuliza nayo kipimo cha kiuno. "Kupiga uliamriwa. Na ile hodi? Nayo uliamriwa?"

Naapa kwa wanangu pacha, hata kuku walisimama. Silvesta alikisogeza kile kigae karibu na kizingiti. Kisha akasema, "Hapana. Hodi ilikuwa yangu. Ilinichekesha."

Mlango ukafunguliwa. Deo akatoka, akamruka yule mtu aliyeketi kizingitini bila kumgusa, akaja mpaka kwenye beseni letu, akanawa, akaketi, akala. Mama Zaituni alikuwa akimsogezea nyama huku machozi yanamwagikia wali. Balozi Lugumi akavua kofia. "Fundi," akasema, "ua huu una deni la mbuzi, na mbuzi huyo ni wa kwetu kuchinja." Akamwuliza Deo anataka Silvesta afanyweje. Kituoni walimpeleka kwanza. Askari polisi walisikiliza kwa adabu, wakasema kosa limetendwa nchi nyingine na jeshi la nchi nyingine, wao hawana pa kulishika. Wachimbaji walikuwa na mapendekezo yao na walikuwa wameshayashika mkononi, mengine yana misumari. Deo akakataa. "Mtu huyu mkimpiga," alisema, "nani atakuwa shahidi wangu? Kwanza atakuja nami Bugarama. Kisha atakwenda kwao. Mzee Anatoli hakutoka mle chumbani, na vijana wawili ndugu hawakutoka. Wana watu wao. Awaambie walipolazwa."

Tulikwenda ukweni sote wanne: Deo, Silvesta, Mama Zaituni aliyekuwa msemaji, na mimi niliyebeba kuku. Mzee Shija alitupokea kwa salamu ndefu ya "mwadila", maana jua lilikuwa limeshapinda, akauliza mvua, akauliza ng'ombe, akauliza afya ya watu asiowajua, hakuna aliyeharakishwa. Kisha Deo akasema, "Baba, uliniambia nilete mtu mmoja aliyeniona." Akamwonyesha Silvesta. Silvesta akasimama akasema yote tena, na safari hii alianza na ile hodi, hakungoja kuulizwa. Nyuma ya ukuta wa jiko mwiko ulikuwa ukisonga ugali, nilisikia ulipoacha. Mzee Shija aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa fimbo yake. "Nilimwambia mtu aliyetoka kaburini alete shahidi," akasema, si kwetu. Mama Neema akatoka jikoni na jagi la maji ya moto na bakuli. Alipiga magoti mbele ya mumewe, akakishika kile kiganja chenye vidole vilivyopinda, akakiosha yeye mwenyewe, kidole kwa kidole, kama anavyooshwa mtoto, na alipomaliza hakukiachia. Wengine tukanawa. Alipofika kwa Silvesta aliliweka jagi chini mbele yake, akageuka. Silvesta akajimiminia mwenyewe. Tulikula ugali wa mtama, mboga kavu za nsansa na maziwa mgando, na jioni ile gari la Masumbwe lilirudi na mtu mmoja zaidi, na mtoto aliyelala mapajani kwangu akinichafulia sketi.

Silvesta akavuka mpaka. Tulidhani hatafika alikotumwa, na wachimbaji waliweka dau juu yake. Zilikuja habari kwamba alifika kwa watu wa Mzee Anatoli na kwa mama wa wale ndugu, akawaonyesha mahali, nyuma ya karakana penye mikaratusi, wakafukua, wakazika upya. Zikaja habari kwamba kwao alishitakiwa na akafungwa, na kwamba mkubwa wake aliyekuwa akitoa amri hakushitakiwa, ana nyumba ya wageni yenye ghorofa. Haki nyingine ndivyo zilivyo, zinamfikia wa chini na kuchoka kabla ya ngazi. Deo alipoambiwa alisema, "Afadhali hiyo, kuliko ile ya ua wetu," na Balozi aliyekuwapo alicheka kwa aibu.

Mwaka ulipokaribia kwisha, Deo aliniita. Nilikwenda nikiimba. Alikuwa ametandika kitambaa cha bluu. Tangu kambini alikuwa ameapa kutoshona sare ya aina yoyote. Shule zilikuja na pesa, akazifukuza. "Holo," akasema, "wewe unakwenda shule umevaa kama mtu anayeuza uji." Nikamwambia ndicho nilicho, na wa jioni hatuvai sare. "Najua," alisema, akiweka futi kiunoni kwangu, "ndiyo maana nataka kushona hii. Sare ambayo hakuna aliyeiamuru." Nilifanya mtihani nikiwa mwanafunzi pekee wa jioni katika mkoa mzima, na pengine bara zima, aliyevaa sketi ya marinda. Nilipofaulu, ua ulilia kama msibani.

Silvesta alirudi baada ya miaka mingi, nywele nyeupe. Alifungua kibanda cha kutengeneza baiskeli upande wa pili wa mji. Niliwahi kumuuliza Deo kama amemsamehe. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. "Sijui," aliniambia. "Ananisalimia barabarani, namwitikia. Nyumbani kwangu hajawahi kuja." Na watu wa Masumbwe watakwambia: yule mzee wa baiskeli hapigi hodi kwa mtu. Akija kwako utamkuta amesimama mbali, mahali penye jua, anangoja umwone.

Ndivyo nilivyomkuta msibani. Wanaume walikuwa kwenye moto wa matanga uani, wanawake tumejaa barazani, na mwili umelazwa chumba cha mbele, mlango umefungwa kwa sababu Mama Neema alikuwa ndani akiagana na mumewe peke yake. Nilikuwa na mfuko wangu wa sare mapajani. Kukawa na minong'ono, nikainua macho. Silvesta alikuwa ameingia uani. Alipita moto bila kuukaribia, akaja mpaka usawa wa mlango, na hapo, mbali kidogo, kwenye jua, akasimama. Alivua viatu. Jua lilimpiga kichwani, nasi tukamtazama.

Mlango ukafunguliwa. Mama Neema akasimama kizingitini, kanga kichwani, akamwona. Walitazamana kiasi cha mtu kukoka moto. Kisha akageuka akarudi ndani kukaa kando ya mumewe, na mlango akauacha wazi.